Miwani Mbili, Mfuko Mmoja

Huyu Marcy wa ofisini hajui kuchoka. Kila nikikaa kunywa uji wangu wa shayiri, huyo mlangoni na karatasi tupu mkononi: "Mama Opal, tuandikie habari za mzee Orville tuzibandike ukutani kabla ya Alhamisi." Nikamwambia mimi si mwandishi. Shule niliiona kupitia dirisha la gari, tukihama na hema letu la maigizo kutoka mji hadi mji huko Kansas, baba akicheza mlevi, mama akicheza malaika, na mimi nikicheza chochote kilichobaki. Nikisoma, nasoma kwa kidole. Nikiandika, mkono unatoka jasho. Humu katika makao haya ya wazee wa sinema mna watu walioandika sinema nzima nzima, si uwaombe wao? Akanijibu, "Lakini wao hawakumbusu." Hapo akanishika.

Basi naandika, na atakayeucheka mwandiko wangu aje chumbani kwangu aniambie usoni.

Orville Stenquist mnamjua. Ndiye yule mrefu wa chumba cha mwisho, anayesukuma kigari chake cha kutembelea chenye kipande cha utepe mweupe kilichoandikwa jina lake. Najua mnadhani amekibandika ili kigari kisiibiwe. Sivyo, na nitawaeleza nikifika hapo. Msinikimbize.

Orville alikuwa mwigizaji miaka mingi kabla hamjamwona mahali popote, na sababu ya kutomwona ni kwamba alikuwa mtu wa kupita. Alicheza wapokea wageni wa hoteli na wabeba masinia, na zaidi ya yote alicheza mchumba anayeachwa. Msichana yuko kanisani na Orville, mlango unafunguka, anaingia mwanamume mwenye kidevu cha nyota wa sinema, na Orville anabaki ameshika maua. Alikuwa na uso wa kushika maua. Waongozaji walimpenda kwa sababu hachelewi, haombi kitu, na suti anakuja nayo kutoka nyumbani.

Mkewe aliitwa Fern. Walikaa mtaa wa Van Nuys, nyumba yenye mlimau uani, na jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Pruitt. Kila Orville alipokuwa kwenye televisheni, Fern alimwalika Bi Pruitt, akamwekea bakuli la karanga mapajani. Na kila mara Orville alipopita kwenye kioo, Bi Pruitt alikuwa ameinama bakulini.

"Ndiye huyo!" Fern anapiga kelele.

"Yuko wapi?"

"Keshapita!"

"Masikini, nilikuwa nachukua karanga."

Miaka na miaka. Mpaka mtaani wakaanza kusema kwamba Fern ameolewa na fundi bomba anayeona aibu na kazi yake.

Sasa, mwaka wa sabini na moja kulikuwa na kipindi kilichoitwa Mapenzi ya Ijumaa. Wazee wenzangu mnakikumbuka. Kila Ijumaa vihadithi vitatu vya mapenzi na vichekesho, na kila kihadithi kilikuwa na watu wake, lakini vitu viwili havikukosekana: sofa la rangi ya waridi, na busu mwishoni. Sofa lilikuwa lilelile. Leo liko hotelini, kesho kwa daktari, keshokutwa liko juu ya meli, na hakuna aliyeuliza limefikaje huko. Tuliobadilishwa ni sisi wageni. Na wageni tulikuwa mchanganyiko wa ajabu: nyota wa sinema ambao simu zao zimeacha kulia, mwimbaji wa wimbo mmoja, mcheza besiboli mwenye goti bovu. Unaitwa, unapendwa, unabusiwa, unakwenda nyumbani kwako.

Mgeni alipewa kiti cha turubai chenye jina lake mgongoni. Msidhani lilichapwa. Waliliandika kwenye utepe mweupe wakaubandika asubuhi, na jioni wakaubandua wakabandika wa mwingine. Orville alishapita kwenye kipindi kile si mara moja, akibeba masinia, na hakuwahi kupata kiti. Wabeba masinia walisimama.

Siku moja akanipigia simu, maana tulikuwa marafiki wa kazini.

"Opal, nimepata."

"Umepata nini, mafua?"

"Wewe ni mjane una piano. Mimi ni fundi wa piano. Nakuja kuitengeneza kila siku wakati piano ni nzima."

"Halafu?"

Akakohoa. "Halafu mwishoni nakubusu."

"Fern anajua?"

"Fern ndiye aliyenisomea hayo maandishi. Ameshaoka pai."

Mimi maneno yangu nilijifunza kwa sikio siku zote, na kwa hilo sioni haya hata kidogo. Wapo waliosoma mpaka vyuoni na mbele ya kamera walisahau majina yao. Kwa hiyo tukakaa jikoni kwa Fern, mimi na kahawa yangu, Orville akinisomea sehemu yangu na yake, na Fern akisoma ya daktari wa meno, yule bwana tajiri anayemposa mjane huyohuyo. Fern alikuwa daktari mzuri kuliko yule tuliyepewa baadaye.

Nilipokuwa naondoka akanifuata mpaka getini na kipande cha pai kwenye karatasi.

"Opal, dada yangu, nakuomba kitu. Umbusu vizuri. Usimbusu kama shangazi."

"Wewe huoni wivu?"

"Wivu wa nini? Nimelingoja busu hilo kuliko yeye. Mara moja tu, Opal. Mara moja mwanamke amchague yeye, na Pruitt aone."

Nikamwahidi. Na mimi nikiahidi, mnanijua.

Siku ya kupiga picha tulifika studio alfajiri, huko Burbank. Orville akakiona kiti chake. Akakizunguka, akausoma utepe, akakaa taratibu kama mtu anayekalia mayai. Hakuinuka mpaka alipoitwa.

Mwongozaji alikuwa kijana aitwaye Lasker, mwembamba, mwenye tumbo lenye vidonda, kutwa anakunywa maziwa. Akaniita pembeni.

"Mama Opal, leo tunapiga miisho miwili. Asubuhi tunaanza na wa akiba, unaolewa na daktari wa meno."

"Nani kasema?"

"Wakubwa wa ghorofani. Wana wasiwasi. Wanasema watu waliokaa nyumbani na sahani mapajani hawatapenda kuona..." Akamtazama Orville kitini, akamezea. "Wanataka wawe na mwingine mkononi, basi."

"Na wa Orville?"

"Ndio wa mwisho leo. Lakini ikifika saa kumi na mbili tunazima taa. Ovataimu hawalipi. Usipokwisha, unatoka wa daktari."

Basi asubuhi hiyo nikambusu daktari wa meno. Aliitwa Grant Hollister, zamani alikuwa nyota, na kidevu bado alikuwa nacho. Alikuwa amekula sandwichi yenye vitunguu. Zaidi ya hapo sisemi.

Ngojeni niwaeleze jambo moja nyie vijana mnaofanya usafi humu, maana wazee wanalijua. Kile kicheko mlichokisikia kwenye vipindi vile kilitoka kwenye mashine. Studioni hamkuwa na watazamaji. Kulikuwa na bwana mmoja na sanduku lake la vitufe, wiki kadhaa baadaye, amejifungia chumbani anabonyeza: hapa kicheko kidogo, hapa kikubwa, hapa mama mmoja anayekaribia kuzirai. Ilisemekana watu waliocheka humo sandukuni wengi wao walishakufa. Sisi tulipokuwa tunapiga, kulikuwa kimya kama msibani. Ulisema neno lako la kuchekesha, ukanyamaza, ukawaachia nafasi marehemu wacheke, kisha ukaendelea. Na aliye hai akicheka, hata kwa pua, kipaza sauti kinamnasa, picha imeharibika, mnarudia.

Jioni ikaja zamu ya Orville. Maandishi yalisema hivi: fundi anaingia, anakaa sofani karibu na mjane, anakiri kwamba piano haina ubaya wowote, anambusu. Basi.

Orville akaingia. Akakaa. Akakiri. Kisha akafanya kitu ambacho jikoni kwa Fern hakukifanya. Akavua miwani yake, akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti. Akanitazama akikunja macho. Nami nilikuwa nimevaa miwani, ya mjane. Akaivua kwa adabu kabisa, kama mtu anayempokea mgeni kofia, akaikunja, akaitia katika mfuko uleule. Akaugongagonga mfuko. Halafu akanyoosha mkono kunitafuta, akashika kivuli cha taa, akakipapasa, akauliza kwa wasiwasi:

"Bado upo?"

Juu ya vichwa vyetu kukatoka mlio kama wa birika. Kipaza sauti, ambacho huning'inia kwenye fimbo ndefu, kikashuka mpaka kikagonga piano.

"Kata!" Lasker akaruka. "Nani huyo?"

"Ni mimi, bwana," akasema mshika fimbo. Aliitwa Delmar, mtu wa kanisa, hata siku ya mshahara hakutabasamu.

"Delmar? Wewe?"

"Hata mimi nimeshangaa, bwana."

Tukarudia. Safari hii alicheka fundi wa taa, huko juu darini, bisibisi yake ikaanguka. Tukarudia. Delmar tena, na nyuma yake nusu ya watu. Mimi nilikaa bila kucheka, uso mkavu, maana nilifunzwa hemani, lakini mbavu zilikuwa zinauma. Orville maskini alizidi kupauka. Kila walipocheka alisema, "Samahanini. Samahani, jamani." Miaka yote ile hakuna aliyemcheka kazini, na siku walipomcheka ikawa ndiyo inayomkosesha busu.

Grant Hollister alikuwa amekaa kitini na joho lake la kuogea, miguu juu ya sanduku.

"Usijali, Orville," akasema. "Nilishambusu asubuhi kwa niaba yako."

"Na mswaki wako uliuacha kwa niaba ya nani?" nikamwuliza.

Lasker akatazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikuwa unapanda vibaya. Akaja sofani, akachuchumaa, akasema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Mzee wangu, achana na miwani. Haimo kwenye karatasi. Ingia, kaa, mbusu. Tuna nafasi ya mara moja."

Orville akafungua mdomo. Nilijua atasema nini. Miaka thelathini alikuwa akisema neno hilohilo: sawa, bwana.

"Mimi sibusiwi bila mchezo wa miwani," nikasema.

"Mama Opal, tafadhali."

"Sibusiwi. Mmefuga kicheko sandukuni mpaka kikija chenyewe kwa miguu yake mnakifukuza. Toeni huo wa vitunguu mkitaka. Mimi kwenye sofa hili sitoki."

"Saa inakwenda, mama!"

"Na iende. Mimi nimekaa."

Basi ndipo Orville akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Delmar alikuwa na kipaza sauti juu yake, kwa hiyo aliisikia vizuri, akaja kuniambia baadaye kwamba ilitetemeka.

"Naomba, bwana. Mara moja tu. Pamoja na miwani."

Alikuwa hajawahi kuomba hata glasi ya maji mahali pale. Lasker akamwangalia. Akaiangalia saa. Akanywa maziwa yake yote.

"Mara moja," akasema. "Na atakayecheka, kesho asije."

Mngewaona! Delmar akakunja tai yake akaitia mdomoni yote, ikabaki ncha. Yule wa darini akauma glavu. Wengine wakageukia ukuta kama watoto waliopewa adhabu. Grant mwenyewe akavuta joho mpaka puani. Taa. Kamera.

Orville akaingia. Akakaa, akakiri. Miwani yake, mfukoni. Miwani yangu, mfukoni humohumo. Akaugonga mfuko. Mkono ukatoka, ukapapasa kivuli cha taa.

"Bado upo?"

Hapo maandishi hayakuwa na neno langu. Lakini alikuwa ameuliza, na mimi mtu akiniuliza namjibu.

"Nipo," nikasema. "Usiende mbali."

Akanifikia. Lile busu siwaelezi, mtaliona wenyewe. Ila halikuwa la shangazi, na halikunuka vitunguu. Na katikati ya busu hilohilo, nikasikia mtu amecheka kwa pua, kicheko cha farasi, ambacho alikizuia kikamshinda. Nikangoja kusikia "kata". Hakuna aliyesema "kata," kwa sababu mwenye kusema "kata" ndiye aliyekuwa amecheka. Lasker alikuwa amejishika magoti, machozi yanamtoka, na saa kumi na mbili ikagonga juu ya kichwa chake.

Taa zikazimwa. Delmar akatoa tai mdomoni. Hakuna aliyejua kama tumepata au tumekosa. Lasker alisema tu, "Nitawaambia wakubwa ni mlango uliolia," akaenda kutafuta maziwa mengine.

Mtu wa vifaa akaja kubandua majina vitini ili abandike ya kesho. Orville akamwomba utepe wake. Siku moja ameomba mara mbili! Akaubandika ndani ya kofia, tukarudi nyumbani.

Wiki zikapita, na hawakutuambia ni mwisho upi watakaoutoa. Wageni haturudishiwi habari. Tulijua kama nyie mlivyojua, kwa kuwasha televisheni. Ijumaa yenyewe nikapanda basi hadi Van Nuys. Fern alikuwa amevaa gauni la kanisani. Pai ilikuwa mezani haijaguswa. Bi Pruitt alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, bakuli la karanga mapajani.

"Leo anabeba nini?" akauliza.

"Leo ana kiti," Fern akamjibu.

Kihadithi chetu kikaanza. Mimi na piano. Orville na begi lake la vifaa. Bi Pruitt akatafuna. Grant akaja na maua yake, akapiga goti mbele ya sofa la waridi, na Orville wa Van Nuys, tuliyekaa naye sebuleni, akashika mkono wa kiti, maana hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Kengele ya mlango ikalia kwenye televisheni. Ikiwa ni mwisho wa akiba, mlangoni yuko kasisi.

Mlangoni alikuwa fundi piano.

Hapo Fern akainuka, akalinyakua bakuli kutoka mapajani mwa Bi Pruitt, akaliinua juu ya kichwa chake.

"Fern! Karanga zangu!"

"Tazama mbele, Pruitt!"

Akatazama mbele. Wote tulitazama. Miwani moja, miwani ya pili, mfuko, taa. "Bado upo?" Na kabla hata wale marehemu wa sandukuni hawajaanza, kikasikika kicheko kimoja cha farasi, cha mtu mzima aliye hai, kisha ndio wao wakafuata nyuma yake kama kwaya iliyochelewa.

Bi Pruitt akashika kifua. "Mungu wangu. Kumbe kweli ni mwigizaji."

Tangazo la sabuni likaja, likaisha. Fern bado alikuwa ameshika bakuli juu.

"Orville."

"Naam, mama."

"Hayo ya miwani uliyafanya barazani kwetu Fresno. Ile jioni ya kwanza."

"Ndiyo."

"Umewaonyesha nchi nzima."

"Ningefanya nini, Fern? Ndilo busu pekee ninalolijua."

Fern akateremsha bakuli, akalirudisha mapajani mwa Bi Pruitt, akaenda jikoni kutafuta kisu cha pai. Alikaa huko muda mrefu kuliko kisu kinavyotafutwa. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akamkatia Orville kipande kikubwa kupita vyote, na mimi cha pili. Nilikistahili.

Msidhani maisha yaligeuka. Mwezi uliofuata Orville alikuwa tena amebeba sinia, kwenye kipindi kingine, akapita. Lakini Bi Pruitt tangu siku ile alikula karanga akitazama mbele, na akawa anamwona kabla ya Fern. "Ndiye huyo! Yule, yule wa kushoto!" Mtaani wakaacha kumletea mabomba yaliyopasuka. Alizeeka hivyo, bila haraka, na Fern pembeni yake mpaka Fern alipotangulia. Kisha akaja hapa, na mimi nikaja, na utepe ukatoka kwenye kofia ukahamia kwenye kigari. Gundi yake imekwisha siku nyingi. Naubandika upya kila Jumapili kwa gundi ya meno yangu ya bandia, na hilo halimhusu mtu.

Sasa Marcy ameipata filamu yenyewe, iko kwenye mkebe ofisini kwake, na Alhamisi baada ya chakula cha jioni itaoneshwa ukumbini. Kwa hiyo nyie mliosimama hapa ukutani mnasoma, mnanidai nini tena? Zamu yenu. Orville alichekwa kweli mara chache katika maisha yake, na karibu vicheko vyote hivyo vilitupwa jalalani pamoja na filamu iliyoharibika. Sikio lake la kushoto limekufa. Njooni mapema, kaeni upande wake wa kulia, na atakapoivua miwani yangu, chekeni kabla ya wale marehemu, kwa sauti, kwa vinywa vyenu wenyewe. Na karanga ziacheni vyumbani.